Majibu ya Mzee Timazi

Fundi wa simu hana simu nzima, na wala msitafute ushahidi wa mbali. Kioo cha simu yake kina nyufa, kava limelegea, na chaja inashika ukiikunja upande mmoja tu na kuomba dua. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wahenga wenyewe hawakuwahi kuiona chaja. Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, hakuwa tofauti na wenzake. Ubovu wa simu yake hakuujali. Iliyomuudhi ni simu ya baba yake.

Baba yake alikuwa mwashi mstaafu. Watu walimwita Mzee Timazi kwa sababu ya ule uzi wenye pande la chuma mwishoni, ambao waashi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Timazi yake aliitia mfukoni hata baada ya kuacha kazi. Akialikwa kwa mtu, kabla hajaketi, huitoa na kuinyoosha pembeni mwa ukuta, kisha humwambia mwenye nyumba kwa upole kabisa kwamba aliibiwa. Simu yake ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa manjano ili betri isidondoke. Kila alipopita dukani kwa binti yake aliilaza juu ya meza ya vioo, katikati ya simu mpya zinazometameta, na wateja wakamtania Fundi kama huyo mzee ni mzazi au ni tangazo la makumbusho. Fundi alicheka nao. Moyoni aliona aibu, na aibu ikikaa sana moyoni hutafuta pa kutokea.

Basi akamnunulia simu mpya, pana, yenye kioo kutoka ukingo hadi ukingo.

Shida ilianza siku ile ile, pale Fundi alipomwambia aweke kidole ili simu imjue. Mzee akaweka. Simu ikasema haijasoma. Akaweka kingine, ikasema afute kidole chake kikauke, nacho kilikuwa kikavu kama tofali. Saruji ilikuwa imekula alama zote za vidole vya mzee, na ngozi iliyobaki ilikuwa ngumu kiasi kwamba kioo hakikuhisi kitu. Mzee Timazi akautazama mkono wake juu na chini.

"Nusu ya nyumba za mji huu zinaujua mkono huu," akasema. "Hii imetoka wapi?"

Wakacheka wote wawili. Lakini tangu hapo kupokea simu kukawa kazi, kwa sababu ilitaka kuburutwa kwa kidole, na kidole kiliteleza bila simu kujua kimepita. Mwisho mzee akagundua kwamba kifundo cha kidole kidogo, ambacho hakikuwahi kushika mwiko, kinakubalika. Akawa anagandamiza kwa kifundo hicho ile alama ya kipaza sauti na kutuma ujumbe wa maneno ya mdomo.

Jamani, sauti za Mzee Timazi! Zilikuwa ndefu kuliko foleni ya benki. Alianza kwa kumjulia hali Fundi, akaenda kwa wajukuu mmoja mmoja, akauliza mlango wa duka kama bado unakwaruza chini, akaeleza mawingu yalivyo upande wake. Kisha husema yeye ni mzima, anamshukuru Mungu. Kisha huvuta pumzi. Kisha husema "ila", na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotoka. Ila bati limeanza kuvuja. Ila dawa ya macho imekwisha. Fundi alipomlalamikia kwamba anazunguka mno, mzee alimjibu kama anayemfundisha mtu kuchanganya zege.

"Salamu ni mlango tu, mama. Usifike mlangoni ukageuka. Habari iko ndani, baada ya ila."

Na ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu yuko kitandani hospitalini, mrija puani, ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo. Wala hatudanganyi tukisema hivyo, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Aliyelelewa vizuri hungoja.

Fundi hakuwa na muda wa kungoja. Dukani kwake kulikuwa na mashine ya upepo wa moto inayounguruma, redio ya jirani, na watu watatu kwa wakati mmoja wakiuliza simu zao zimefikia wapi. Sauti ya baba ikiingia, alisikiliza mwanzo wake, akasikia kwamba mzee ni mzima, akaizima na kuandika: "Sawa baba, nitapita kesho." Siku nyingine aliongeza "bila kukosa" ili itie uzito. Kesho ya Fundi ilikuwa kama mpira, ukiivuta inarefuka.

Kisha likaja sasisho.

Wengine waliliita apdeti, wengine walisema tu kwamba simu imebadilika sura. Lilikuja lenyewe, likaomba ruhusa kwa maandishi marefu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma, na watu wakabonyeza "Kubali" kama wanavyobonyeza siku zote. Kesho yake duka la Fundi likajaa. Huyu betri inaisha kabla saa za kazi hazijaisha, yule kioo kimepata mstari wa kijani, mwingine haoni picha zake. Na katikati ya malalamiko hayo akaingia dereva wa lori, mtu mnene mpole, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna namna ya kuirudisha simu ilivyokuwa.

Simu yake ilikuwa imeanza kujibu watu. Ndiyo kitu kipya kilichokuja na sasisho lile: Msaidizi wa Majibu. Ilisoma unavyoandikiana na watu wako, ikasikiliza hata sauti, ikajifunza maneno yako, kisha ikajibu, hata ikaanzisha salamu, kwa niaba yako ili wewe upumzike. Dereva alikuwa amelala nyumbani, bosi akauliza yuko wapi, simu ikamjibu: "Niko njiani mkuu, nakaribia." Fundi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia vioo. Dereva hakucheka.

"Kujibu siyo kulikonitisha, Fundi," akasema. "Ilijibu vile vile ambavyo ningejibu mimi."

Fundi akaizima ile huduma, dereva akaondoka, lakini maneno yake yalibaki dukani kama harufu ya waya ulioungua. Fundi akayarudia kichwani. Kisha mteja mwingine akamwekea simu mkononi, akayasahau. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliyeinamia meza haoni mawingu.

Jumapili moja alikwenda kwa baba yake, na huko ndiko alikofanya kile alichokiona ni wema. Mzee alilalamika kwamba watoto wanamwandikia, naye hawezi kuwaandikia, na kaka mkubwa aliyeko nchi ya mbali anaona baba anamnunia. Fundi akafungua mipangilio, akamwashia Msaidizi wa Majibu. Simu ikauliza: watu wachache au watu wote? Akabonyeza "Watu wote", maana kuchagua majina mmoja mmoja ni kazi. Kwa kuwa mzee alisahau kuchaji, Fundi akapigilia kishikio ukutani karibu na kiti chake, akaiweka simu pale na waya wake, akamwambia asiichomoe kamwe. Mzee akatoa timazi, akaining'iniza pembeni mwa kishikio.

"Kimeinama," akasema.

"Baba, hicho ni cha simu, siyo ukuta."

"Kimeinama hata hivyo. Nitakinyoosha." Kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua. "Sasa wewe ukiniuliza hali, atakayekujibu ni nani?"

Fundi akamwambia ni yeye mwenyewe baba, simu inamsaidia tu mkono. Mzee akaitazama simu kwa muda. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Nao mwisho wa mwezi ulipofika, dukani kukawa hakuna pa kukanyaga, Fundi akaiwashia simu yake mwenyewe huduma ile ile, ili iwajibu wateja kwamba bado kidogo, wapite jioni. Ikauliza kama ilivyouliza kwa baba. Akajibu kama alivyojibu kwa baba. Mwanamke aliyemzimia dereva wa lori huduma hiyo akajiwashia mwenyewe kwa kidole chake, na ningekuwepo ningemshika mkono.

Siku zikaenda vizuri mno. Kwenye kundi la familia Mzee Timazi alijibu salamu kabla hazijapoa. Kaka mkubwa akaandika kwamba baba amekuwa kijana, wengine wakaweka vicheko. Asubuhi Fundi alipoitupia simu jicho aliona mstari wa juu: "Salama mwanangu, nashukuru Mungu. Wewe je?" Akatosheka, akaingia kazini. Mara moja tu aligutuka. Aliona nukta mahali pa nukta na mkato mahali pa mkato, naye baba yake, enzi za vitufe, aliandika kila kitu kwa pumzi moja kama mtu anayeteremka kilima. Akautazama ule mkato kwa muda. Moyo ukamwambia piga simu. Mteja akamwambia kioo chake kinachelewa. Akamsikiliza mteja.

Kilichomzindua ni kosa dogo la kidole. Asubuhi moja alikuwa akimwandikia mtu ambaye simu yake iliingia maji ikashindikana kabisa. Akaandika kwa mkono wake: "Imekufa. Nimejaribu yote. Njoo uichukue." Akatuma, kisha akaona ameituma kwa baba yake. Akacheka, akajua sasa mzee atamtania mwaka mzima. Akasubiri matani.

Jibu likaja hapo hapo.

"Salama mwanangu, nashukuru Mungu. Karibu sana."

Fundi akaacha kucheka. Akasoma tena. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita vile vile. Akazima mashine ya upepo, akawaambia wateja wasubiri, na kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa mwezi akayapandisha juu mazungumzo yake na baba yake.

Hakukuwa na mtu mle ndani. Kila asubuhi, kabla yeye hajaamka, simu yake ilikuwa imeuliza: "Umeamkaje baba?" Simu ya baba ikajibu salama, ikauliza yeye je. Simu yake ikasema salama, kazi zinaendelea. Simu ya baba ikamtakia baraka. Simu mbili zilikuwa zikijuliana hali kwa adabu zote, siku baada ya siku, moja mezani na nyingine ukutani, na wenyewe hawamo. Fundi alipandisha, salama juu ya salama, mpaka alipokutana na sauti. Ilikuwa ya baba, sauti ya kweli, iliyogandamizwa kwa kifundo. Juu yake palikuwa na alama ndogo ya kijivu: Imejibiwa. Na chini yake jibu: "Pole baba. Nitapita kesho."

Hakuwa ameliandika. Lakini neno hata moja halikuwa la kubuni, yote yalikuwa yake.

Akaisikiliza, simu ikiwa imebanwa sikioni. Baba alimsalimu. Akauliza wajukuu, akauliza mlango wa duka. Fundi hakuthubutu kuisogeza mbele. Mzee akasema mawingu ni mengi lakini mvua hakuna, akasema yeye ni mzima, anamshukuru Mungu. Akavuta pumzi.

"Ila nilikuwa nanyoosha kile kishikio chako, mama, msumari wa zamani ukadondoka, nikaukanyaga. Mguu umevimba hadi gotini. Jirani anataka kunipeleka hospitali. Nimemwambia tukungoje, wewe ndiye unayejua kuongea na madaktari. Ukipata nafasi, lakini."

Palikuwa na sauti ya pili, fupi, ya siku iliyofuata. Ndani yake mzee hakusalimu, na baba yake hakuwahi kuanza maneno bila salamu tangu azaliwe.

"Nimeona umesema kesho. Sawa. Nakungoja."

Chini yake simu ya Fundi ilikuwa imejibu: "Sawa baba. Kesho bila kukosa."

Baada ya hapo hapakuwa na sauti nyingine, salama tu.

Hakufunga duka. Aliliacha kama lilivyo, simu za watu zimelala wazi mezani, akadaka pikipiki ya kwanza. Njia nzima alimwomba Mungu jambo moja, kwamba amkute baba yake amekasirika. Alitaka kutukanwa. Alitaka kuambiwa yeye ni mtoto gani.

Jirani, mama muuza mkaa, alikuwa mlangoni kwake akipanga mafungu. Alipomwona Fundi akishuka mbio alisimama, uso wake ukafunguka kwa nafuu. Akasema afadhali amefika. Akaeleza kwamba alitaka kumpeleka mzee hospitali tangu mwanzo, na mtu wa kumbeba alikwisha kumpata, lakini mzee alimwonyesha simu na kumwambia asihangaike, mwanangu anakuja kesho, ameandika mwenyewe. Jana alibisha hodi, mzee akaitika kwa ndani kwamba anapumzika, mwanawe yuko njiani. Leo hakutaka kumsumbua.

"Na nilikuwa naisikia simu yake ikilia," akasema yule mama. "Asubuhi hii hii. Nikajua anaongea na wanawe, basi mzima."

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Mzee Timazi alikuwa kwenye kiti chake, kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Alikuwa amevaa shati lake safi, lile la kutokea. Mguu mmoja aliupumzisha juu ya stuli, umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimekazwa na uvimbe. Kichwa kilikuwa kimelalia bega. Fundi aliita baba, kisha akamgusa mkono, ule mkono mgumu ambao simu haikuutambua, nao ulikuwa wa baridi kama ukuta wa asubuhi.

Jirani nyuma yake alipiga ukelele mmoja, kisha akajiziba mdomo.

Ukutani, kishikio kilikuwa kimesimama wima. Mzee alikuwa amekinyoosha, timazi ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari mpya kando yake, na uzi na ukingo wa simu vilikwenda sambamba bila tofauti hata ya unywele. Waya ulikuwa umechomekwa kama alivyoagizwa. Fundi alikuwa akiutazama uzi ule, bila machozi bado, kioo kilipowaka. Kaka mkubwa alikuwa ameandika kutoka huko mbali: "Shikamoo baba. Umeamkaje leo?"

Herufi zikaanza kujipanga zenyewe mbele ya macho yake, bila haraka, kama mtu mzima anayefikiri.

"Marahaba mwanangu. Salama kabisa, nashukuru Mungu."

Fundi akaing'oa simu ukutani pamoja na kishikio chake. Akachomoa waya. Hakujua aitupe wapi, akaishika tu kifuani. Mfukoni simu yake nayo ikatikisika, na bila kuitazama alijua kwamba mtu amemuuliza hali, na kwamba amekwisha kujibiwa.

Akatoka uani. Watu walikuwa wameanza kuja, jirani akawa anawazuia kwa mkono wasimsogelee. Fundi akaifungua simu yake, akazima Msaidizi wa Majibu, akabonyeza jina la kaka mkubwa, akaiweka sikioni. Hili alitaka kulisema kwa mdomo wake. Alipanga maneno. Baba ametutoka. Ni mimi. Alikuwa akiningoja mimi.

Kaka akapokea kwa furaha, maana Fundi hakuwa mtu wa kupiga simu siku hizi.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, kaka."

Mdomo ulijibu wenyewe, kabla hajauambia. Fundi alilisikia neno likitoka, laini, la adabu, kama lilivyotoka siku zote za maisha yake, akajua simu ilijifunzia wapi. Alisimama pale na mkono mdomoni. Upande wa pili kaka naye alikuwa kimya. Alilelewa nyumba ile ile, na alijua kungoja.

"Ila," akasema Fundi, na kabla hajaendelea alimsikia kaka yake, huko mbali, akianza kulia.